Sindano si cheo, tembe si dharau

Hapa Voi, ukitoka hospitali na tembe peke yake, nyumbani wanakuuliza kama kweli daktari alikuangalia. Ukitoka na plasta mkononi pale branula ilipokuwa, unapewa pole, unachemshiwa supu, na jirani anakuletea machungwa. Na kama uliwekewa maji, hapo hata wale mliokosana wanakuja kukuona.

Tumezoea kupima ugonjwa kwa sindano. Tembe ni za mafua, sindano ni za wagonjwa wa ukweli. Ndiyo maana mtu anaingia duka la dawa pale stejini, homa yenyewe ni ya jana tu, na kabla hajasalimia vizuri anasema, "Nidunge moja ya nguvu nipate nafuu."

Leo nataka tubishane kuhusu mazoea haya, tena kwenye uwanja mgumu kabisa: pale bakteria wanapokuwa wameshaingia kwenye damu. Hapo hakuna mzaha, ni ugonjwa unaoua. Kama kuna mahali ambapo ungeapa kwamba tembe hazina kazi, ni hapo. Lakini hata hapo mambo si rahisi hivyo.

Nijitambulishe mapema. Mimi si daktari. Chuo nilikiacha katikati, na hata hakikuwa cha udaktari. Kazi yangu ni kusoma, kuuliza na kuandika. Kwa hivyo usiguse dawa zako kwa sababu ya maneno yangu. Ninachotaka ubadilishe ni maswali unayomuuliza daktari.

Msimamo wangu ni huu: kwa wagonjwa wengi wenye bakteria kwenye damu, sindano ni ya kuanzia na tembe ni za kumalizia. Anayekataa sindano siku ya kwanza anacheza na roho yake. Na anayeng'ang'ania sindano hadi siku ya kumi na nne, wakati tembe zingemaliza kazi, anapoteza pesa, muda na mishipa yake. Hapa Taita Taveta tunao wote wawili.

Siku mbili za kwanza

Tuanze na anayekimbia hospitali, kwa sababu huyo ndiye anayezikwa.

Jirani zetu wa Kilifi wana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust ambacho kimefanya kazi kubwa sana kuhusu ugonjwa huu. Matokeo ya utafiti wao mmoja yalitoka mwaka 2005. Kuanzia 1998 hadi 2002, walipima damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa katika hospitali ya Kilifi. Watoto zaidi ya elfu moja walikutwa na bakteria kwenye damu, na kati yao, zaidi ya mmoja katika kila wanne alifariki.

Kilichonishtua mimi ni saa zenyewe. Thuluthi moja ya vifo hivyo vilitokea siku ileile mtoto alipolazwa, na karibu saba katika kila kumi vilitokea ndani ya siku mbili. Yaani wengi walifika wakati mlango umeshaanza kufungwa.

Ndiyo maana siku ya kwanza sindano ya mshipani haina mpinzani. Mtu akizidiwa anatapika, presha inashuka, na mwili unaondoa damu tumboni na kuipeleka kwenye ubongo na moyo. Tembe ukimpa saa hiyo itayeyuka polepole, itasubiri kupita kwenye utumbo usiofanya kazi vizuri, halafu ipitie kwenye ini ndipo ifike kwenye damu. Dawa ya mshipani inafika yote, kwa dakika chache. Tena kuna dawa kama jentamaisini na seftriaksoni ambazo utumbo haufyonzi kiasi cha maana. Hizo hata ungezitengenezea tembe ya dhahabu, haingekusaidia.

Kwa hivyo shika dalili hizi. Homa na kutetemeka hadi meno yanagongana. Kupumua haraka kana kwamba umepanda mlima Sagalla mbio. Mikono na miguu kuwa baridi wakati mwili unawaka. Kuchanganyikiwa, kuongea vitu visivyoeleweka. Kukaa nusu siku bila kukojoa. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya au anayelegea. Ukiona hayo, usiende kununua tembe wala kudungwa moja ya nguvu dukani. Tafuta boda, tafuta probox, nenda hospitali yenye vitanda: Moi hapa Voi, Wesu kule Wundanyi, Mwatate, Taveta, ile iliyo karibu zaidi na wewe.

Na hiyo "moja ya nguvu" tuiseme wazi. Sindano moja ya antibayotiki ikiachwa hapo si tiba ya bakteria walio kwenye damu. Inapunguza homa siku mbili, unarudi kazini ukijiona umepona, na waliobaki wanaendelea kuzaana. Zaidi ya hapo, ukija kupimwa hospitali baadaye, bakteria wanaweza wasionekane kwenye kipimo, na daktari anabaki kubahatisha.

Baada ya hapo je?

Sasa tumgeukie wa pili, yule ambaye ameshapona nusu lakini bado amefungwa kitandani na branula.

Mwaka jana binamu yangu alilazwa. Bakteria walitoka kwenye figo wakaingia kwenye damu. Siku tatu za kwanza tuliogopa kweli, na sindano zilimwokoa, hilo sibishani. Siku ya sita alikuwa anatembea wodini, anakula chapo, anawasalimia manesi kwa majina. Aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya kumi na mbili. Hizo siku sita za mwisho kilichomweka pale ni dawa ya mshipani asubuhi na jioni, basi. Hospitali siitaji, maana kukaa hivyo ni desturi kwingi. Ila jamaa ni wa boda, pikipiki ni ya mkopo, na mkopo unalipwa kila siku jua likichomoza. SHA inaweza kulipia kitanda. Deni la pikipiki hailipi.

Je, angeweza kumalizia kwa tembe? Mimi si wa kujibu kuhusu yeye. Lakini swali lenyewe limejibiwa na watafiti kwa wagonjwa wengi wa aina yake.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani kuhusu wagonjwa 1,478 wenye bakteria wa jamii ya E. koli kwenye damu, jamii ambayo mara nyingi hutoka kwenye mkojo au tumboni. Wote walianza na dawa ya mshipani. Nusu wakabadilishiwa tembe ndani ya siku tano za kwanza, nusu wakaendelea na mshipa. Baada ya siku 30, waliokufa walikuwa asilimia 13.1 upande wa tembe na asilimia 13.4 upande wa mshipa. Hakuna tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kitandani: wa tembe walienda nyumbani mapema kwa takriban siku mbili.

Usiseme hayo ni ya wazungu. Kenya yetu ilishiriki utafiti mkubwa pamoja na Kongo na Nigeria, uliochapishwa mwaka 2015, kuhusu watoto wachanga wa chini ya miezi miwili walioshukiwa kuwa na maambukizi makali ya bakteria, ambao wazazi wao hawangeweza kuwapeleka hospitali kubwa. Watoto 3,564. Kundi moja lilipewa sindano siku zote saba. Kundi lingine lilipewa sindano siku mbili, halafu amoksilini ya kunywa siku tano. Matokeo yalikuwa sawa. Waliokuwa mahututi kabisa hawakuingizwa humo, na hilo ni la kukumbuka. Lakini fikiria mama wa Kasigau ambaye kila sindano ni safari ya vumbi. Kwake yeye siku mbili badala ya saba ni jambo kubwa mno.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka huohuo, likakubali matibabu ya aina hiyo pale rufaa inaposhindikana.

Hata urefu wa matibabu umechunguzwa upya. Utafiti uitwao BALANCE, uliotoka mwaka 2024, uliwafuata wagonjwa 3,608 katika hospitali 74 za nchi 7. Siku 7 za antibayotiki zilifanya kazi sawa na siku 14. Kwa miaka mingi "wiki mbili" zilikuwa kama sheria. Kumbe nyingi kati ya siku hizo zilikuwa mazoea tu.

Na kama bado huamini kwamba tembe zinaweza kumfikia bakteria kwenye damu, fikiria homa ya matumbo, taifodi yenyewe. Hapa Voi mifereji inakauka tunanunua maji ya mitungi, huku bomba la Mzima likipita kaunti yetu kupeleka maji Mombasa. Kwa hivyo taifodi tunaijua kama majirani. Basi jua kwamba taifodi ni bakteria walioingia kwenye damu kupitia tumbo. Na mgonjwa asiyezidiwa, anayekula bila kutapika, hutibiwa kwa tembe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, azithromaisini kwa mfano. Zile "sindano tano za taifodi" unazouziwa kwa sababu karatasi ya Widal inasema iko juu, uliza mara mbili kabla hujavua suruali. Kipimo hicho kinaweza kusema ndiyo kwa sababu ya ugonjwa mwingine au ule wa zamani.

Tembe zenyewe si ndugu

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunasema "tembe" kana kwamba zote ni moja.

Jambo la kuuliza ni hili: katika kila miligramu 100 unazomeza, ngapi zinafika kwenye damu? Kwa levofloksasini na linezolidi, karibu zote. Metronidazoli, ile unayoijua kama Flagyl, pia karibu zote. Siprofloksasini, kama 70 hivi au zaidi. Sefiksimu, takriban nusu au chini. Kwa hivyo zile za kundi la juu, utumbo wako ukiwa mzima, damu haijui kama dawa ilipitia mdomoni au mkononi. Za kundi la chini daktari anazifikiria mara mbili kabla ya kuzitumia kwa kazi nzito kama hii.

Na wewe una sehemu yako. Siprofloksasini ukiimeza pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia, inashikamana navyo tumboni na sehemu kubwa haifyonzwi. Mgonjwa anasema tembe hazifanyi kazi, kumbe alizishushia na mala.

Kuna pia mahali ambapo tembe hazina ruhusa. Bakteria wakiwa kwenye utando wa ubongo, ni mshipa. Bakteria aina ya stafailokokasi, wale wa majipu, wakiingia kwenye damu wanapenda kujificha kwenye mifupa na moyo, na madaktari huwaogopa kwa haki. Hata hivyo watafiti wa Ulaya wameonyesha, katika matokeo ya mwaka 2024, kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, wasio na dalili za hatari, wanaweza kubadilishiwa tembe baada ya siku tano hadi saba za mshipa. Denmark walienda mbali zaidi: wagonjwa 400 wenye bakteria kwenye vali za moyo, wakishatulia baada ya angalau siku kumi za mshipa, waliomalizia kwa tembe hawakufanya vibaya kuliko waliobaki na sindano. Lakini hao walifuatiliwa na mabingwa kila wiki mara kadhaa. Usichukue habari ya Denmark ukaifanyia majaribio sebuleni kwako Sofia.

Kwa ufupi, kubadilisha kunahitaji mambo manne yakubaliane. Mgonjwa ametulia: homa inashuka, presha iko sawa, akili imerudi. Anakula na kumeza bila kutapika. Chanzo kimeshughulikiwa: jipu limekamuliwa, mrija wa mkojo ulioleta shida umetolewa. Na kuna tembe inayofyonzwa vizuri ambayo bakteria huyo hana usugu nayo.

Hilo la nne ndilo linalotuumiza. Ili ujue bakteria ni nani na anauawa na nini, damu lazima ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya kwanza, iwekwe kwenye chupa maalumu na kuoteshwa maabara siku kadhaa. Bila kipimo hicho, daktari anayeogopa atakubakiza kwenye sindano, na siwezi kumlaumu. Anaendesha usiku bila taa.

Sindano nayo ina bili

Kuna mtu atasema: sawa, lakini sindano za ziada zina ubaya gani? Si bora kuwa na uhakika?

Zina ubaya. Branula ni mlango uliofunguliwa kwenye ngozi. Ikikaa muda mrefu mshipa unavimba, unauma, na wakati mwingine bakteria wapya wanaingia kupitia hapohapo. Yaani ulikuja kutibiwa bakteria kwenye damu, ukapewa njia ya kuingiza wengine. Nesi mmoja anayehudumia wodi nzima anatumia muda wake kuchanganya na kusukuma dawa ambayo ungeimeza kwa glasi ya maji. Kitanda ulichokalia kingemfaa mtu aliyeletwa usiku kutoka Mackinnon Road akitetemeka. Na nyumbani, mtu wako anayekuletea chakula kila siku amefunga kibanda chake cha mboga.

Pingamizi la maana ni lingine: Wakenya hatumalizi tembe. Hilo ni kweli tupu. Siku ya tatu tukipata nafuu tunaziweka kabatini "za next time", au tunamgawia rafiki. Daktari akifikiria hilo anaona afadhali akushike wodini akudunge mwenyewe. Kwa hivyo ukidai kuheshimiwa kama mtu mzima anayeweza kumalizia matibabu nyumbani, kuwa mtu mzima. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Weka kengele ya simu, maliza dozi, rudi kliniki siku uliyoambiwa, na homa ikirudi usingoje kesho.

Kuna kitu kikubwa zaidi hapa kuliko mimi na wewe. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Hapa Kenya, bakteria wa taifodi walishajifunza kuzishinda dawa za zamani tulizokuwa tukimeza, kama kloramfenikoli. Na mara nyingi dawa zinazoanza kutuishia ni za kumeza. Kila unaponunua tembe nne za antibayotiki kwa ajili ya mafua, ambayo ni virusi na hayasikii dawa hizo, unawafundisha bakteria walio mwilini mwako. Siku moja wakiingia kwenye damu, daktari atatafuta tembe ya kukupeleka nayo nyumbani aikose. Utabaki wodini wiki mbili ukidungwa, si kwa sababu sindano ni bora, bali kwa sababu tembe tuliziua sisi wenyewe.

Kwa hivyo tufanye nini?

Kaunti, tunaomba kitu cha kawaida tu. Uwezo wa kuotesha damu usiwe anasa ya Mombasa na Nairobi. Na kila mgonjwa anayepewa antibayotiki ya mshipani, faili yake ifunguliwe tena siku ya pili au ya tatu mtu aulize: huyu bado anahitaji sindano? Hiyo haihitaji jengo jipya wala mtu wa kukata utepe. Inahitaji kalamu na mazoea mapya.

Nawe msomaji, acha kuhesabu upendo wa daktari kwa idadi ya sindano. Mtu wako akizidiwa, mkimbize, na usibishane na branula. Akishaanza kula na kucheka, muulize daktari kwa heshima, bila kujifanya umesoma Google kumshinda: "Daktari, ni lini anaweza kubadilishiwa tembe? Na kama bado, ni kwa sababu gani?"

Jibu linaweza kuwa "bado", na likawa jibu sahihi kabisa. Moyo, ubongo, bakteria sugu, tumbo lisiloshika kitu: hizo zote ni sababu za kubaki. Lakini jibu likiwa "tumezoea hivyo", endelea kuuliza. Kuna pikipiki iliyoegeshwa nje, na mkopo wake unaendelea kuhesabu.